Mtoto Asiyetulia

Mama wa Dilala, mtoto wako akisahau kila alilotumwa, usikimbilie fimbo. Huenda si mkaidi. Akili yake haishiki jambo moja kwa muda mrefu. Mganga ampime kwanza masikio na macho.

Marekani, mwaka 2020, serikali iliwaruhusu waganga kuwaandikia watoto kama hao, wa miaka 8 hadi 12, mchezo wa kompyuta wa kuzoeza akili. Mingine huchezwa kwa miwani inayomwonyesha mtoto darasa zima lenye kelele, naye atazame ubao tu. Hiyo husaidia kiasi, pamoja na matibabu mengine. (Michezo ya simu ya baba siyo hiyo!)

Nyumbani, mwite jina, mpe agizo moja. Akimaliza, la pili. Mwombe mwalimu amkalishe mbele, asimfukuze: hapa Kolwezi watoto wengine walioacha shule huokota mawe ya kobalti.