Mita Inasema Ampea Mbili, Waya Unaungua

Fundi anabana klampu mita kwenye waya unaolisha safu ya kompyuta. Mita inasoma ampea 2.2. Anaugusa waya, anakuta ni wa moto. Haraka lawama humwendea aliyeuza waya, na feki kweli zimejaa madukani. Lakini mtuhumiwa wa kwanza awe mita yenyewe.

Mita ya bei nafuu huchukua wastani wa mkondo, ikauzidisha kwa 1.11, basi. Hesabu hiyo ni sahihi kwa wimbi laini la jenereta, si kwa umeme unaovutwa na kompyuta, televisheni au chaja. Ndani ya vifaa hivyo mna diodi na kapasita, na kapasita hubugia mkondo pale tu volti inapokaribia kilele. Muda uliobaki haichukui kitu. Kwenye umeme wa hezi 50, nusu wimbi hudumu milisekunde 10. Tuseme mkondo wa ampea 10 unapita kwa milisekunde 2 tu kati ya hizo. Wastani ni ampea 2, na mita itaonyesha 2.2. Mkondo unaopasha waya joto, yaani RMS, ni ampea 4.5, na kwa kuwa joto hufuata mraba wa mkondo, waya unapata moto mara nne ya ule aliokadiria fundi.

Mita iliyoandikwa True RMS huponya kosa hilo, ingawa nayo hutoa namba moja tu. Kwenye inveta au chaja ya sola, namba haitoshi. Mkondo wa koili yake hupanda na kushuka kama pembetatu, maelfu ya mara kwa sekunde. Kiini cha koili kikishiba sumaku, ncha ya pembetatu huchomoka ghafla kwenda juu. Wastani haubadiliki sana, na mita haishtuki, huku transista ikielekea kuungua. Kwa maoni yangu, hapo ndipo bei ya oskiloskopu, kifaa kinachochora wimbi kwenye kioo, hurudi.

Tatizo ni kwamba oskiloskopu husoma volti, si ampea. Njia nyepesi ni kupitisha mkondo kwenye kipande chenye ukinzani mdogo: miliomu 1 kwa ampea 100 hutoa volti 0.1, pamoja na wati 10 za joto. Shida ni kukata saketi ili kukiweka. Sentimita 3 za waya wa ziada zina indaktansi ya nanohenri 30 hivi. Mkondo ukibadilika kwa ampea 20 ndani ya nanosekunde 20, waya huo peke yake huzua volti 30. Umeingiza kipimo, na saketi si ile tena.

Ndiyo maana napenda koili ya Rogowski, iliyopewa jina la Mjerumani Walter Rogowski aliyeandika juu yake mwaka 1912, ingawa Mwingereza Chattock alishaieleza mwaka 1887. Ni waya mwembamba uliosokotwa juu ya mpira laini usio na chuma, unaozungushwa kwenye mguu wa transista bila kukata chochote. Kwa kuwa hauna chuma, haushibi. Huhisi mabadiliko ya mkondo tu, kwa hiyo mkondo mnyoofu wa betri hauuoni. Huo unaachiwa kihisi cha Hall.

Volti nazo zina mtego wake. Mafundi wengine, wakiona klipu ya ardhi ya oskiloskopu inapiga shoti kwenye inveta, hukata pini ya ardhi ya plagi. Usifanye hivyo: bodi yote ya kifaa inaweza kubeba umeme mkononi mwako. Tumia probu tofautishi, inayopima tofauti ya volti kati ya nukta mbili bila kutegemea ardhi.

Na kabla ya kuamini wimbi lolote, weka koili ya Rogowski kando ya waya bila kuuzungushia. Wimbi likibaki kwenye kioo, unachokiona ni kelele ya volti, si mkondo.