Muda wa Doria

Tukijadili uhalisia, wengi wetu hukimbilia wahusika na mandhari. Kwa filamu za polisi, mimi naona tuanze na muda. Chukua End of Watch (2012) ya David Ayer. Waigizaji wake wakuu, Jake Gyllenhaal na Michael Peña, walizunguka miezi mitano na askari wa Los Angeles kabla ya kuigiza, na kweli inaonekana: yale maongezi garini, utani wa ndoa na chakula, hiyo ndiyo doria yenyewe. Lakini ndani ya dakika 109 unapata nyumba inayoungua, maiti na genge la dawa za kulevya, yote kwa askari wawili walewale! Kusubiri hakuuzi tiketi.

Nairobi Half Life (2012) ya Tosh Gitonga ina askari wachache, ila Mwas anaposwekwa mahabusu na kusafishishwa choo, nani hapa kwetu asiyeamini?

Sasa simama usiku Mbezi Luis, nje ya stendi ya Magufuli iliyofunguliwa 2021. Askari wa doria anaamua ugomvi wa nauli, anamwondoa mlevi barabarani, kisha anarudi kuandika. Anaandika weee! Jirani yangu alipoibiwa simu alitegemea difenda na ving'ora, kama tulivyozoeshwa na mabanda ya video. Kituo kimoja kikampa namba ya RB, akaambiwa arudi kesho. Akalalamika kwamba hakuna kilichofanyika. Nikamjibu kuwa ile RB ndiyo kazi, filamu tu haijawahi kumwonyesha. Simu yenyewe, kusema kweli, hatujaiona mpaka leo.