Walimu tusigeuze hisa kuwa bahati nasibu

Kila unapowadia mwezi wa Mei, hakosi mwalimu hapa Isiolo anayewanong'onezea wenzake kwamba wakati wa kununua hisa za Safaricom umefika. Mwaka wa kifedha wa kampuni hiyo hukamilika Machi 31, na matokeo hutangazwa Mei. Hoja ya mwenzetu ni nyepesi: faida ikiwa kubwa, bei itapanda, basi na tununue leo, tuuze kesho.

Hoja hiyo inavutia, lakini ina kasoro. Soko halingoji tangazo.

Na tukumbuke yaliyotokea mwaka wa 2008, serikali ilipouza hisa bilioni 10 za kampuni hiyo kwa shilingi 5 kila moja. Watu zaidi ya 800,000 walituma maombi, baadhi yao kwa fedha za mkopo. Hisa hizo zilipoingia sokoni Juni 9, bei ilipita shilingi 7. Kufikia mapema mwaka wa 2009, ilikuwa imeporomoka chini ya shilingi 3, msukosuko wa fedha duniani nao ukichangia. Mei mwaka huo ndipo ilipotangazwa kwamba faida baada ya kodi ilikuwa imepungua kutoka takribani shilingi bilioni 13.9 hadi bilioni 10.5. Aliyengoja ripoti ndipo auze alikuwa amekwisha kuchelewa.

Wafugaji waletao mbuzi na ngamia kwenye soko la mifugo la Isiolo hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mawingu yakitanda tu, mfugaji hukataa bei ya kiangazi. Mnunuzi anayengoja mpaka mvua inyeshe hukuta bei imeshapanda. Vivyo hivyo, faida inayotarajiwa na kila mtu huwa imo ndani ya bei tayari. Kinachoitikisa bei ni lile lisilotarajiwa, na hilo mwalimu wa Isiolo hana njia ya kulijua mapema.

Isitoshe, dalali hulipwa ada unaponunua na unapouza. Mwalimu aliyekopa katika chama cha ushirika hubeba riba juu ya ada hizo, nayo riba hukatwa kwenye mshahara hata bei ikianguka. Anayeumia si yeye peke yake, bali pia mtoto anayesubiri karo.

Sisemi walimu waziepuke hisa. Nasema tuzinunue kwa akiba, si kwa mkopo, na tuzishike kwa miaka. Ripoti tuisome ili tuijue kampuni: mapato yake, madeni yake na gawio lake. Sheria huilazimu kampuni iliyo sokoni kutoa onyo inapotarajia faida kupungua kwa asilimia 25 au zaidi. Maonyo hayo huchapishwa magazetini, lakini ni wangapi wetu huyasoma?

Tuzipeleke ripoti hizo darasani pia. Mwanafunzi atakayejifunza asilimia kwa hesabu za kampuni halisi hatadanganywa kwa minong'ono ukubwani. Haraka haraka haina baraka.