Plagi ya Jenereta: Jinsi ya Kuibadilisha na Kusoma Rangi Yake



Katika toleo hili tunazungumzia kitu kidogo kinachotoshea kiganjani: plagi ya jenereta. Huenda ukajiuliza, jarida la afya lina haja gani na vipuri vya injini? Haja ipo. Plagi inaweza kukuonyesha mapema kwamba jenereta yako inatoa hewa ya sumu kupita kiasi. Aidha, anayeibadilisha bila uangalifu anaweza kuungua.

Vipuri vinatoka wapi

Ukisafiri kutoka hapa Kiryandongo kwenda Malaba kupitia Kampala, unapita Jinja. Ukifuata njia ya Karuma, Lira na Soroti, unafika Mbale. Katika miji hiyo miwili vipuri vya injini ndogo hupatikana kwa urahisi, pamoja na jenereta zilizokwisha kutumika.

Jinja ndiko liliko bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo sasa huitwa Nalubaale. Hata hivyo, mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalipopungua, umeme ulikatwa kwa zamu nchini kote, na wenye maduka na saluni wakakimbilia jenereta ndogo. Tangu hapo mabwawa mengine yamejengwa, likiwemo la Karuma lililozinduliwa mwaka 2024 katika wilaya yetu hii. Lakini vibanda vingi vya kuchaji simu na kunyoa nywele bado vinategemea jenereta.

Plagi hufanya kazi gani

Plagi hutoa cheche inayowasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya injini. Ikichoka, injini huwa ngumu kuwaka, hukatakata, na hutumia petroli nyingi. (Mashine za kusaga zinazotumia dizeli hazina plagi za namna hii.)

Plagi iliyokuja na jenereta kutoka kiwandani si lazima iwe mbaya. Ila plagi zote huchakaa, na iliyo kwenye jenereta ya mtumba inaweza kuwa imewekwa na mtu aliyekosa ile sahihi.

Kuchagua plagi inayofaa

Fungua plagi ya zamani uende nayo dukani, na uandike jina na namba iliyo kwenye kitabu cha jenereta kama unacho. Usitegemee ya zamani peke yake, maana huenda ndiyo iliyokosewa. Angalia mambo haya:

• Unene na urefu wa sehemu yenye nyuzi. Fupi mno itapunguza nguvu. Ndefu mno inaweza kugonga pistoni na kuharibu injini.

• Namba ya joto. Injini nyingi za aina ya Honda GX160 hutumia NGK BPR6ES: nyuzi zake zina upana wa milimita 14 na urefu wa milimita 19, na namba 6 ndiyo ya joto. Jihadhari: kila kiwanda kina hesabu yake. Kwa NGK namba ndogo ni plagi ya joto zaidi. Kwa Champion ni kinyume. Usilinganishe 6 ya huyu na 6 ya yule.

• Herufi R. Plagi ya NGK yenye herufi hiyo hupunguza mikwaruzo kwenye redio. Kama redio yako hukoroma jenereta inapowaka, huenda plagi yako haina.

• Plagi bandia. Kataa yenye maandishi yaliyofifia, kauri yenye ufa, au nyuzi zilizopinda.

Kubadilisha hatua kwa hatua

1. Zima injini, funga koki ya petroli, na ungoje ipoe kwa nusu saa hivi. Bomba la moshi huunguza ngozi hata baada ya injini kuzimwa. Weka watoto mbali. Usivute sigara wala usitumie mshumaa au kibatari.

2. Vuta kofia ya plagi kwa kushika kofia yenyewe, si waya.

3. Futa vumbi kuzunguka plagi, lisije likadondoka ndani ya injini.

4. Fungua kwa spana ya plagi. Nyingi hutaka ya milimita 21. Koleo huvunja kauri na kukata vidole.

5. Pima nafasi kati ya ncha mbili za plagi mpya. Kwa aina tuliyoitaja ni milimita 0.7 hadi 0.8. Fundi mwenye geji atakupimia kwa dakika moja.

6. Ingiza plagi mpya kwa mkono mpaka ifike mwisho. Ikikataa, itoe uanze upya. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, na nyuzi zake zikiharibika gharama ni kubwa kuliko plagi kumi.

7. Sasa kaza kwa spana: plagi mpya nusu mzunguko, iliyokwisha kutumika, robo mzunguko au pungufu yake.

8. Rudisha kofia kwanza, ndipo ufungue koki na kuwasha.

Onyo: Wengine hupima cheche kwa kuvuta kamba huku plagi ikiwa nje na tundu likiwa wazi. Mvuke wa petroli hutoka kwenye tundu hilo na cheche ikaudaka. Mwachie fundi kipimo hicho.

Soma rangi kabla ya kutupa

Kahawia hafifu au kijivu: injini inaunguza vizuri.

Nyeusi yenye mafuta: oili inaingia mahali pa kuungulia. Kama injini yako huchanganywa petroli na oili, huenda oili imezidi.

Nyeupe, yenye malengelenge: injini inapata joto kupita kiasi, au plagi si ya aina yake.

Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria: petroli ni nyingi kuliko hewa. Mara nyingi chujio la hewa limeziba kwa vumbi, au choki imeachwa imefungwa, au kabureta imeharibika. Jenereta ikipelekwa mahali pa juu sana, kama Kapchorwa kwenye Mlima Elgon juu ya Mbale, hewa huko ni nyepesi na masizi huongezeka.

Hii nyeusi kavu ndiyo inayotuhusu zaidi. Petroli isiyopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, kwa zaidi ya mara 200, na mtu hukosa pumzi damuni bila kujua. Ukiweka plagi mpya bila kusafisha chujio, baada ya siku chache itakuwa nyeusi tena, na sumu itaendelea.

Lakini usidanganyike: hata jenereta yenye plagi mpya na rangi nzuri inaweza kuua watu chumbani.

Si kila kichwa kinachouma ni malaria

Dalili za sumu hii ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, udhaifu na kuchanganyikiwa. Wengi hudhani ni malaria wakameza dawa na kulala palepale. Jiulize: Je, watu wawili au zaidi wa chumba kimoja wameugua kwa pamoja? Je, hawana homa? Je, hupata nafuu wakitoka nje? Kama ni hivyo, shuku moshi.

Toeni mgonjwa nje mara moja, zimeni jenereta, na mumpeleke kituo cha afya hata akijisikia nafuu. Mweleze mhudumu kwamba jenereta ilikuwa ikiwaka. Mama mjamzito asingoje kabisa, kwa kuwa mtoto tumboni hudhurika zaidi.

Tunajua kwa nini watu huingiza jenereta ndani: wezi na mvua. Ifunge kwa mnyororo kwenye nguzo nje, chini ya bati lisilo na kuta, angalau mita 6 kutoka mlangoni na madirishani, bomba la moshi likielekea mbali na watu. Usiwashe ndani hata kama mlango uko wazi.

KUMBUKA

• Jenereta hukaa nje, usiku na mchana.
• Injini ipoe, kofia ya plagi itoke, ndipo ushike spana.
• Plagi nyeusi kavu: angalia chujio la hewa kwanza.
• Petroli isiwekwe katika chupa ya soda; mtoto ataidhani kinywaji. Akiinywa, usimtapishe, mkimbize kituo cha afya.
• Usinyonye petroli kwa mdomo.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako mwenye jenereta naye asome.