Jinsi Lugha ya Kifaransa Ifundishwavyo

Watoto wengi wa Tanzania na Kenya huingia shule ya sekondari hali wamekwisha kukutana na lugha tatu: lugha ya nyumbani kwao, Kiswahili, na Kiingereza. Katika baadhi ya shule hizo huikuta na lugha ya nne, nayo ni Kifaransa. Si somo la lazima, alitakaye hulichagua. Naye aliyelichagua hujiuliza siku ya kwanza: Je, lugha ya kigeni hujifunzwaje? Wengi hujibu upesi kwamba mtu hukariri maneno mengi, hukariri na kanuni za sarufi, na lugha imekwisha kupatikana. Jibu hili lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Mtu mmoja wa Ufaransa alilifuata hata mwisho wake, akaona lilikompeleka.

Mtu huyo aliitwa François Gouin, aliyezaliwa mwaka 1831. Alikuwa mwalimu, naye alitaka kujua Kijerumani, basi akasafiri mpaka mji wa Hamburg, Ujerumani. Yeye mwenyewe alieleza habari zake katika kitabu alichokitoa mwaka 1880. Kwanza alijifungia chumbani akakariri kitabu cha sarufi pamoja na vitenzi 248 visivyofuata kanuni, na kazi hiyo aliimaliza kwa siku 10. Akaenda kwa furaha kuwasikiliza walimu wa chuo, asifahamu hata neno moja. Akarudi akakariri mashina 800 ya maneno, bado hakufahamu. Akajaribu kuzungumza na watu, wakamcheka, naye kwa haya akavirudia vitabu vyake. Mwisho alichukua kamusi nzima, yenye maneno 30,000, akaikariri kwa muda wa siku 30 hivi. Akaenda tena chuoni kusikiliza. Masikini, hakufahamu neno!

Aliporudi kwao alimkuta mtoto wa ndugu yake, mwenye umri wa miaka mitatu hivi. Alipoondoka mtoto huyo alikuwa hajui kusema; sasa alisema Kifaransa mchana kutwa, asichoke. Gouin akastaajabu. Yeye, mtu mzima mwenye elimu, ameshindwa na Kijerumani, na mtoto mdogo asiyejua kusoma ameishika lugha yake bila ya kitabu! Akaanza kumwangalia. Siku moja mtoto alipelekwa kwenye kinu cha kusagia nafaka, akatazama kila kitu kwa makini. Baadaye alianza kuyasimulia yote aliyoyaona, tena na tena, kisha akacheza mchezo wa kinu: akajaza vifuko vidogo, akavibeba, akavipeleka kusaga, na kila alilolitenda alilitaja kwa maneno.

Hapo Gouin akang'amua jambo. Mtoto hakusanyi maneno moja moja, kama mtu aokotaye kuni porini. Huyapokea maneno yakiwa yamefungamana katika sentensi, na sentensi zikiwa zimefungamana na kazi inayotendeka mbele ya macho yake. Tena hayaweki tu kichwani, bali huyasema, akakosea, akarudia, hata yakawa mali yake.

Waalimu wengi wa nchi mbalimbali walilitafakari jambo hilo wakati ule, na wengine walifika penye fikira kama hizo kwa njia zao wenyewe. Mwaka 1886 walimu kadha wa lugha walifanya chama mjini Paris, wakiongozwa na Paul Passy, ili sauti za lugha zifundishwe vema. Baadaye walitunga alfabeti ya pekee ambayo kila herufi yake ina sauti moja tu. Alfabeti hiyo ingali inatumika katika kamusi nyingi, ili msomaji ajue neno la kigeni litamkwavyo.

Kwa sababu hizo, mwalimu mwema wa Kifaransa hufuata utaratibu huu: sikio kwanza, kisha kinywa, kisha jicho, na mkono mwisho. Yaani mwanafunzi husikia, halafu husema, halafu husoma, halafu huandika. Chukua mfano wa somo moja. Mwalimu aingia darasani na ndoo. Hatafsiri neno, atenda kazi, na kila atendapo asema:

Je prends le seau. Maana yake: Nachukua ndoo.
Je vais au puits. Naenda kisimani.
Je puise de l'eau. Nateka maji.
Je porte le seau. Nabeba ndoo.
Je rentre à la maison. Narudi nyumbani.

Wanafunzi watazama na kusikiliza mara mbili tatu. Kisha mmoja aitwa mbele, ashika ndoo, naye atenda na kusema. Mwalimu amwuliza, "Que fais-tu?" yaani, wafanya nini? Naye ajibu, "Je puise de l'eau." Halafu wawili waibeba ndoo pamoja, na hapo kitenzi chabadilika: si je prends tena, bali nous prenons, yaani twachukua. Mwanafunzi ameonja sarufi kabla ya kuambiwa jina lake. Kanuni ikija kuandikwa ubaoni, haiji kama mgeni, bali kama jina la mtu ambaye uso wake unajulikana.

Pengine mtu atauliza, Kwa nini jicho lisitangulie, hali kitabu kipo? Sababu ni kwamba Kifaransa hakiandikwi kama kisemwavyo. Kiswahili husomwa herufi kwa herufi, lakini Mfaransa huandika beaucoup, yaani sana, kwa herufi 8, akalitamka karibu na "boku". Neno eau, yaani maji, lina herufi tatu, na sauti yake ni "o" tu. Mtoto atakayeanza kwa kusoma atayatamka yote ayaonayo, na kosa hilo likiisha kuzoeleka ni kazi kuling'oa.

Tena ziko sauti ambazo Kiswahili hakina. Iko u ya Kifaransa: yafaa mtu aweke midomo kana kwamba anataka kupiga mbinja, kisha aseme i. Asiyejifunza sauti hiyo hawezi kupambanua dessus na dessous. La kwanza maana yake ni juu yake, la pili maana yake ni chini yake! Fundi aambiwaye kuweka kitu juu, naye akakiweka chini, ameharibu kazi kwa sababu ya irabu moja. Vivyo hivyo poisson ni samaki, lakini poison ni sumu. Kwa jicho tofauti ni herufi moja. Kwa sikio, la kwanza lina sauti ya s na la pili sauti ya z. Mswahili azijuaye s na z tangu utoto hana udhuru wa kumlisha mgeni wake sumu.

Mambo mengine yaonekanayo magumu si magumu kwa mtu ajuaye Kiswahili. Wanafunzi wa Kifaransa hulalamika kwamba kila jina ni la kiume au la kike, hata la kitu kisicho na uhai. Huambiwa un grand arbre, mti mkubwa, lakini une grande maison, nyumba kubwa. Waingereza hushangaa sana kwa jambo hili. Lakini Mswahili asema mti mkubwa, kitabu kikubwa, jiwe kubwa, na hakuna mtoto aulizaye kwa nini kitabu kina ki. Basi ngeli za Kiswahili zimekwisha kumzoeza mwanafunzi kwamba sifa hulifuata jina lake. Lililobaki ni kujifunza jina pamoja na neno dogo litanguliayo: le livre, la maison. Neno hilo dogo si pambo, kwa maana le livre ni kitabu, bali la livre ni ratili.

Adabu nayo ni sehemu ya lugha. Mfaransa humwambia mwenzake au mtoto tu, yaani wewe, lakini mkubwa au mtu asiyemjua humwambia vous, lile lile neno litumiwalo kwa watu wengi. Mtoto ambaye nyumbani hufundishwa kumwamkia mkubwa kwa Shikamoo ataelewa mara moja kwamba sarufi sahihi bila heshima haitoshi.

Hata hesabu ina mambo yake. Kwa Wafaransa 70 ni sitini na kumi, soixante-dix, na 80 ni ishirini nne, quatre-vingts. Lakini Ubelgiji na Kongo watu husema septante kwa 70 na nonante kwa 90, maana Kongo ilitawaliwa na Wabelgiji hata mwaka 1960. Afadhali mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki ajue namna zote mbili, kwa kuwa wasema Kifaransa walio karibu naye hawako Paris, bali ng'ambo ya ziwa Tanganyika.

Hapa yafaa kuuliza, Faida yake ni nini? Mfanya biashara wa Kigoma akivuka ziwa mpaka Kalemie haoni shida sokoni, kwa sababu huko nako Kiswahili husemwa. Lakini katika Kongo lugha ya serikali ni Kifaransa, na nyaraka za ofisi na vyeti vya hospitali huandikwa kwa lugha hiyo. Burundi nako Kifaransa hutumika pamoja na Kirundi. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Basi kazi za kupokea na kusoma karatasi hizo zinaongezeka.

Fikiri habari ya mgonjwa avukaye ziwa hali amechukua cheti cha daktari, na katika cheti limeandikwa neno blessé. Karani ajuaye Kiingereza tu aweza kudhani kwamba limefanana na neno la Kiingereza blessed, yaani aliyebarikiwa. Kumbe maana yake ni aliyejeruhiwa! Kiingereza kilipokea maneno mengi kutoka Kifaransa baada ya William wa Normandy kuishinda Uingereza mwaka 1066. Kwa hiyo mara nyingi lugha moja humsaidia mtu kuifahamu nyingine, kama table na table, hospital na hôpital. Lakini kufanana huku pengine hudanganya. Kwa Mwingereza pain ni maumivu. Kwa Mfaransa pain ni mkate. Aliyeyasikia maneno hayo katika sentensi na katika kazi hadanganyiki kwa urahisi. Aliyeyaona katika orodha tu yu hatarini.

Lakini asifikiri mtu kwamba kukariri hakuna maana, wala kwamba njia ya Gouin yatosha peke yake. Kuteka maji kwaweza kuonyeshwa kwa ndoo. Haki na tumaini haviwezi kuonyeshwa kwa chombo chochote. Hapo hapana budi kueleza, kulinganisha na kutafsiri. Tena mwanafunzi wa sekondari si mtoto wa miaka mitatu akaaye na mama yake mchana kutwa. Ana vipindi vichache tu kwa juma, na kanuni nzuri ya sarufi humfupishia njia. Kukariri si adui. Kinachodanganya ni kukariri bila kusikia na bila kusema.

Wala haya isimzuie mtu. Gouin alipochekwa alikimbilia kamusi, na kamusi haikumwokoa. Mwanafunzi akosaye mbele ya wenziwe, akasahihishwa, akasema tena, amepata zaidi ya yule aliyenyamaza asikosee. Hata Wafaransa waliokuja pwani ilikuwa lazima wapite njia hiyo. Padre Charles Sacleux alikaa miaka mingi Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, akiwasikiliza wenyeji wasemavyo Kiunguja, Kimvita, Kiamu na Kingazija. Matunda ya kusikiliza kwake ni kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutolewa Paris mwaka 1939, na wataalamu wangali wanaitazama. Yeye Mfaransa alikwenda shule kwa Waswahili. Si aibu kwa Mswahili naye kwenda shule kwa Wafaransa, akifungua masikio kwanza, na kinywa baadaye, na kitabu hapo vyote viwili vilipo tayari.

MASWALI

1. Gouin alikariri nini katika mji wa Hamburg, na kwa nini hakufahamu yaliyosemwa?
2. Mtoto wa ndugu yake alimfundisha jambo gani?
3. Kwa nini sikio hutangulia jicho katika kujifunza Kifaransa?
4. Ngeli za Kiswahili humsaidiaje mwanafunzi wa Kifaransa?
5. Chagua kazi moja ya nyumbani, kama kufagia au kupika uji, uigawe katika vitendo vitano, na kila kitendo ukiandikie sentensi moja ya Kiswahili. Kisha mwombe mtu ajuaye lugha nyingine akufundishe kuzisema sentensi hizo kwa lugha yake, nawe utende ukisema.