Namna Maabara Inavyotambua Virusi vya Njiwa

Mfugaji anapomwona njiwa wake amepinda shingo, anazunguka pale pale alipo na kudonoa kando ya punje badala ya punje yenyewe, huwa mwepesi kusema kwamba njiwa huyo ana mdondo. Yawezekana asiwe amekosea. Lakini shingo iliyopinda ni dalili tu, wala si ugonjwa wenyewe. Upungufu wa vitamini B1, bakteria wa jamii ya Salmonela, na hata sumu, huweza kuleta dalili hiyo hiyo. Jicho peke yake haliwezi kukata shauri, na ndiyo sababu sampuli hupelekwa maabara.

Katika makala haya tutaeleza namna maabara inavyokitambua kirusi kimoja mashuhuri cha njiwa. Kirusi hicho ni aina ya kirusi kile kile kinacholeta ugonjwa wa mdondo, au kideri, katika kuku.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika huko Uingereza. Aina hiyo ya njiwa ilijitokeza Mashariki ya Kati mwishoni mwa miaka ya 1970, ikafika Italia mwaka 1981 na Uingereza mwaka 1983. Mwaka 1984 mdondo ulizuka katika mashamba ya kuku ya Uingereza. Ilibainika kwamba mashamba mengi kati ya hayo yalikuwa yametumia chakula ambacho malighafi yake ilihifadhiwa katika maghala ya bandari ya Liverpool, na humo ilikuwa imechafuliwa na njiwa wagonjwa. Virusi vilivyotoka kwa kuku vilipolinganishwa maabarani na vile vya njiwa, vilionekana kuwa vya namna moja. Hivyo chanzo kikajulikana kuwa ni ghala.

Je, kazi hiyo hufanywaje? Kwanza, mtaalamu hupangusa koo na tundu la haja la ndege kwa kijiti chenye pamba. Ndege akiwa amekufa, huchukuliwa pia vipande vya ubongo na vya viungo vingine. Sampuli hizo husafirishwa katika barafu, kwa maana joto huharibu virusi. Maabarani hutiwa dawa za kuua bakteria, ambazo hazividhuru virusi.

Kirusi hakiwezi kuzaliana peke yake. Ni lazima kiingie katika seli hai. Kwa hiyo mtaalamu hutumia yai la kuku lenye kiinitete cha siku 9 hadi 11. Njia ya kukuza virusi ndani ya mayai ilionyeshwa huko Marekani mwaka 1931 na Ernest Goodpasture na Alice Woodruff, ambao walikuza kirusi cha ndui ya kuku. Sampuli huingizwa kwa sindano kupitia tundu dogo katika ganda, na yai huwekwa katika nyuzijoto 37 za Selsiasi kwa siku kadhaa. Baadaye umajimaji unaokizunguka kiinitete huvutwa na kupimwa.

Umajimaji huo huchanganywa na chembe nyekundu za damu ya kuku katika vishimo vidogo vya sahani ya plastiki. Mwaka 1941 George Hirst alieleza kwamba virusi vya mafua huzishikamanisha chembe nyekundu za damu. Kirusi cha mdondo nacho kina tabia hiyo. Pasipo kirusi, chembe hutuama chini na kufanya nukta nyekundu, na sahani ikiinamishwa, nukta hiyo hutiririka kama chozi. Kirusi kikiwapo, chembe hushikana na kutanda kama wavu. Daima huwekwa pia vishimo visivyo na kirusi, ili mpimaji awe na cha kulinganishia.

Hata hivyo, virusi vya namna mbalimbali hushikamanisha damu. Ili kujua ni kipi, mpimaji hutia kingamwili za kirusi cha mdondo. Zikikizuia kirusi kisishikamanishe chembe, kirusi kimetambulika.

Kipimo hicho huweza pia kugeuzwa. Mpimaji huanza na kirusi anachokijua, kisha hutafuta kingamwili katika damu ya njiwa. Majimaji ya damu huzimuliwa kwa nusu kwa nusu: 1/2, 1/4, 1/8, na kuendelea. Yakiendelea kukizuia kirusi hadi kishimo cha saba, jibu ni 1/128. Lakini jibu hilo husema tu kwamba njiwa amewahi kukutana na kirusi au amechanjwa. Halithibitishi kwamba ni mgonjwa leo.

Siku hizi maabara nyingi hutumia pia kipimo cha vinasaba. RNA ya kirusi hunakiliwa kuwa DNA, nayo DNA huongezwa maradufu tena na tena. Baada ya mizunguko 30, nakala moja huweza kuzaa zaidi ya bilioni moja. Majibu hupatikana kwa saa chache, ambapo yai huhitaji siku kadhaa. Lakini kipimo hiki huweza kunasa hata mabaki ya kirusi kilichokufa. Yai huonyesha kirusi kilicho hai. Aidha, kwa kusoma mpangilio wa vinasaba hivyo, wataalamu hupata dalili ya ukali wake kwa kuku.

Basi ni dhahiri kwamba kila kipimo hujibu swali lake, na mwenye busara huuliza kwanza ni swali gani lililoulizwa.

Wanafunzi wanaweza kujaribu hesabu ya kuzimua bila kugusa ndege yeyote. Tieni mililita 5 za maji katika kila mojawapo ya neli kumi. Ongezeni mililita 5 za wino katika neli ya kwanza, koroga, kisha hamisheni mililita 5 kwenda ya pili, na kadhalika. Neli ya kumi itakuwa na 1/1024 ya wino wa awali. Rangi inatoweka machoni katika neli ya ngapi? Ama njiwa mgonjwa au aliyekufa, msimpasue wala kumshika kwa mikono mitupu, maana kirusi hiki huweza kuwasha macho ya binadamu. Mwarifuni afisa mifugo, na chakula cha kuku kifunikwe.