Neno la siri ni lako, ujumbe unaenda kwa nani?

KAMPALA. Mfanyabiashara wa Kikuubo anayeleta mzigo kutoka Mombasa au Dar es Salaam huenda anaijua namba yake ya mlipakodi kwa kichwa. Neno la siri la akaunti hiyohiyo, mara nyingi, analijua wakala wake wa forodha.

Siku hizi mtu akisahau neno la siri hahitaji kupanga foleni kwa ofisa. Mfumo wenyewe hutuma kiungo, au namba ya kutumika mara moja, kwenye simu au barua pepe iliyoandikishwa, na kwa dakika chache neno jipya limepatikana. Kompyuta haiulizi mzigo ni wa nani. Inamwamini anayepokea ujumbe. Kama siku ya kujiandikisha wakala, au kijana wa duka la intaneti, aliweka anwani yake ili kazi iishe haraka, ufunguo uko kwake. Mkikosana atabadilisha neno la siri, na mwenye biashara atabaki nje ya akaunti yake.

Hasara yake si ndogo. Kodi hutangazwa mtandaoni, na tangu Januari 2021 ankara za mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato Uganda (URA) hubeba namba ya mlipakodi. Ankara ya uongo ikitoka, anayetafutwa kwanza ni mwenye namba. Uhalifu wa aina hii si hadithi: mwaka 2013 Mahakama ya Kupambana na Rushwa mjini Kampala iliwatia hatiani watu walioingia kinyume cha sheria katika mfumo wa kompyuta wa URA.

Kubadilisha neno la siri kila baada ya miezi michache nako hakutoshi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kupendekeza hivyo mwaka 2017, kwani anayelazimishwa huongeza tu tarakimu mwishoni. Lililo refu, lisilotumika kwingine, linafaa zaidi, na libadilishwe mara moja likivuja au wakala akiondoka.

Kabla ya hapo, itazamwe simu na barua pepe iliyo kwenye akaunti. Wanaovuka Busia, Malaba au Mutukula na laini mbili tatu wasiandikishe ile ya safari: laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine namba hiyo, na ujumbe wa kubadilisha neno la siri utamfikia yeye.